Usaha kifuani: mpira au oparesheni? Namna ya kuamua pamoja na daktari

Mgonjwa wako ana nimonia, ameanza dawa, siku ya tatu homa bado inapanda jioni, akivuta pumzi anashika ubavu, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, alafu daktari anarudi na picha ya eksirei anakwambia kuna maji au usaha upande mmoja wa kifua. Hapo ndugu wanaanza kuvutana, mmoja anasema atobolewe haraka, mwingine anasema asikubali kabisa maana kuna mtu mtaani alitobolewa na hakurudi, wa tatu anauliza kwa nini asipasuliwe moja kwa moja yaishe. Mimi ni nesi, nafanya kazi wodini na maswali haya nayasikia kila mara, kwa hiyo nimeona niyaweke yote hapa, namna ya kulinganisha mpira (bomba linalopitishwa ubavuni kutoa usaha kifuani hadi kwenye chupa) na oparesheni, uulize nini, uangalie nini kwenye ile chupa chini ya kitanda, na ni siku gani unamwambia daktari jamani hii njia haifanyi kazi tubadilishe.

Jibu langu kwa ufupi: kwa wagonjwa wengi anza na mpira, uwekwe mapema, ila uwe na tarehe ya kuupima. Kinachoumiza watu wetu ni kuchelewa, tena kuchelewa mara mbili, kwanza kuchelewa kuweka mpira, alafu kuchelewa kukubali kwamba mpira umeshindwa.

Kwanza ujue ugonjwa umefika hatua gani

Pafu limefunikwa na ngozi mbili nyembamba, moja imeshika pafu lenyewe na nyingine imeshika ukuta wa kifua kwa ndani, katikati kuna majimaji kidogo sana ya kuzifanya ziteleze. Watu husema "maji kwenye mapafu" lakini maji yenyewe yako hapo katikati ya ngozi mbili, nje ya pafu. Nimonia ikiwa kali majimaji yanaongezeka, mwanzoni ni mepesi na hayana wadudu. Baadaye bakteria wanaingia, maji yanakuwa mazito, yanageuka usaha, na nyuzinyuzi zinaanza kujitengeneza ndani yake kama ule utando unaoshika juu ya maziwa ya moto, zinagawa lile eneo kuwa vijumba vijumba. Ukiacha wiki zipite, ule utando unakomaa unakuwa ngozi ngumu nene inayolibana pafu lisiweze kutanuka tena. Hizi hatua tatu madaktari wanazitumia tangu chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipozipanga mwaka 1962, na ndizo zinazoamua karibu kila kitu: hatua ya kwanza mara nyingi dawa za antibiotiki zinatosha, ya pili ni mpira na saa ingine oparesheni, ya tatu mpira peke yake huwa hauwezi, manake usaha unaweza kutoka wote na pafu bado limefungwa.

Kujua hatua, eksirei pekee haitoshi. Omba ultrasaundi ya kifua. Ni kipimo cha bei nafuu ukilinganisha na siti skani, kinafanyika hata kitandani, na kinaonyesha vile vijumba vizuri mno, pengine kuliko siti skani yenyewe. Pia kinamwonyesha daktari mahali salama pa kuchoma. Alafu inafuata sindano, daktari anavuta majimaji kidogo aone. Ukitoka usaha wenyewe, mzito, au wenye harufu mbaya, hakuna mjadala, mpira unawekwa. Yakitoka maji ya njano yanapimwa asidi yake, ikiwa pH ni 7.2 au chini mpira unahitajika hata kama kwa macho yanaonekana masafi. Hospitali nyingi hazina mashine ya hiyo pH, basi ipimwe sukari ya yale maji, ikiwa chini ya 3.3 mmol/L nayo ni dalili hiyo hiyo. Hiki kipimo cha sukari ni rahisi na ndugu wengi hawajui kama kipo, we uliza tu kwa heshima, "Dokta, maji yamepimwa sukari?"

Sampuli iende maabara kuoteshwa, na ikiwezekana nyingine iwekwe kwenye zile chupa za kuoteshea damu, inasaidia kumkamata mdudu. Na kwa huku kwetu ipimwe TB, mgonjwa apimwe na VVU. Hapa niseme kitu muhimu: maji ya TB kifuani, yale ya njano yasiyo na usaha, kwa kawaida hayahitaji mpira wa kukaa, yanavutwa kidogo mgonjwa apumue vizuri alafu anaanza dozi ya miezi 6, na dawa zenyewe kwenye vituo vya serikali ni bure. Ila TB iliyofanya usaha kabisa ni habari nyingine, hiyo inasumbua, na mara nyingi inaishia kwa daktari wa upasuaji wa kifua.

Mpira: unafanyaje kazi na unauangaliaje

Mpira unawekwa kwa ganzi ya sindano, mgonjwa yuko macho. Mkono unawekwa nyuma ya kichwa, daktari anatafuta sehemu salama pembeni chini ya kwapa, anapita juu ya ukingo wa ubavu kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu inapita chini ya kila ubavu. Inauma, nisikudanganye, kwa hiyo omba dawa ya maumivu kabla na baada, mtu mwenye maumivu hapumui vizuri wala hakohoi na usaha unabaki. Mipira iko minene na myembamba. Zamani iliaminika usaha mzito lazima mpira mnene, lakini wagonjwa wa jaribio kubwa la Uingereza walipochunguzwa tena mwaka 2010 ilionekana mipira myembamba haikuwa na matokeo mabaya zaidi na iliuma kidogo kuliko minene. Sharti lake ni usafishwe kwa maji ya chumvi mara kwa mara, maana huziba haraka. Wodi nyingi za huku zina ile minene tu, na hiyo sio sababu ya kusubiri.

Sasa ile chupa. Ndani kuna maji, na bomba limezama kama sentimita 2 chini ya maji, hiyo ndiyo inazuia hewa kurudi kifuani. Angalia vitu vitatu. Cha kwanza, yale maji ndani ya bomba yanapanda na kushuka mgonjwa akipumua, yakisimama kabisa ujue mpira umekunjika, umeziba, au pafu limeshatanuka lote. Kabla hujaogopa fuata mpira wenyewe kwa mkono kutoka kifuani hadi chupani, mara nyingi utakuta mgonjwa ameulalia, umejikunja chini ya paja. Cha pili ni kiasi. Manesi tunabandika plasta ubavuni mwa chupa tunachora mstari na kuandika tarehe na saa, we usome ile mistari kila asubuhi, leo mililita 400, kesho 250, keshokutwa 90, hiyo ni habari nzuri ikiwa homa nayo inashuka. Ikiwa kiasi kimeshuka ghafla na homa iko pale pale, hiyo sio habari nzuri hata kidogo, usaha umebaki kwenye vijumba ambavyo mpira haujavifikia. Cha tatu ni mapovu, mapovu yanayoendelea kutoka siku baada ya siku maana yake kuna hewa inavuja, ama mpira haujakaa vizuri ama pafu limetoboka, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Chupa ikae chini ya kifua muda wote, hata akienda eksirei, hata akienda chooni, mtu asiinyanyue juu ya kitanda kupisha kufagia. Msiubane mpira kwa kujiamulia, hasa unaotoa mapovu. Chupa ikivunjika chovya ncha ya mpira kwenye chombo chochote chenye maji safi na umwite nesi. Mpira ukichomoka ziba tundu kwa kitambaa safi na mkono na upige kelele uitwe msaada. Mwanzoni usaha ukiwa mwingi sana, wakifika kama lita 1.5 wataufunga kwa muda, wanafanya makusudi kwa sababu pafu likitanuka ghafla linaweza kujaa maji, msigombane nao.

Je mpira na antibiotiki vinatosha? Kwa wengi ndiyo. Kwenye lile jaribio la Uingereza lililotoka mwaka 2005, linaitwa MIST1, karibu watu 7 kati ya 10 walipona bila kupasuliwa, na waliobaki ama walihitaji oparesheni ama walifariki ndani ya miezi 3. Hiyo namba ina pande mbili, inakupa matumaini na inakwambia usilale.

Dawa ya kuingizwa kwenye mpira, njia ya katikati

Kuna kitu kati ya mpira na kisu ambacho ndugu wengi hawaambiwi. Mwaka 2011 likatoka jaribio lingine, MIST2, watu 210, wakaingiziwa kupitia mpira dawa mbili kwa pamoja, tPA ya kuyeyusha ule utando na DNase ya kulainisha usaha, mara 2 kwa siku kwa siku 3. Waliopata zote mbili, waliopelekwa kupasuliwa walikuwa 4% tu, wakati walioingiziwa dawa ya uongo walikuwa 16%, na hospitalini walikaa pungufu kama wiki moja. Moja bila mwenzake haikusaidia hivyo, na streptokinasi, dawa nyingine ya kuyeyusha iliyotumika MIST1, haikusaidia kabisa, kwa hiyo ukisikia "dawa ya kuyeyusha usaha" uliza ni ipi. Shida yake ni bei na upatikanaji, na mgonjwa anayetokwa damu ovyo au aliyepata kiharusi karibuni haimfai.

Kama haipo, uliza kuhusu kusafisha kifua kwa maji ya chumvi ya dripu kupitia mpira, mililita 250 mara 3 kwa siku kwa siku 3. Jaribio lake lilikuwa dogo, watu 35, lakini kati ya waliosafishwa, waliohitaji oparesheni walikuwa wachache zaidi, na mwongozo wa Uingereza wa 2023 unairuhusu pale ambapo dawa zile au upasuaji haviwezekani. Dripu ya chumvi iko kila hospitali. Hii naipigia debe sana. Ila ifanywe na daktari, na isifanywe kwa mgonjwa ambaye pafu linavuja hewa, akiingiziwa maji yanaweza kumpalia.

Oparesheni ziko aina zaidi ya moja

Watu wakisikia oparesheni ya kifua wanaona mtu amepasuliwa katikati. Kuna ya kamera, VATS, matundu mawili matatu ubavuni, daktari anavunja vile vijumba, ananyonya usaha, anabandua utando, anaacha mpira. Kuna ya kufungua ubavu kwa mkato mrefu na kumenya ile ngozi nene juu ya pafu, hiyo ni kazi kubwa, damu inaweza kutoka nyingi, hewa inaweza kuvuja siku kadhaa, na maumivu ya ubavu wengine wanakaa nayo miezi. Na kuna ya tatu ya kukata kipande cha ubavu na kuacha tundu wazi usaha utoke wenyewe kwa muda mrefu, hii ni ya mgonjwa dhaifu asiyeweza kuhimili oparesheni kubwa, na japo kumtunza nyumbani ni kazi, inaokoa maisha.

Mbili za kwanza ni nusu kaputi kamili, na kwa kawaida pafu moja linapumzishwa na mgonjwa anapumua kwa lile lingine. Kwa hiyo moyo, figo, damu na lishe vinapimwa kwanza. Faida yake ni kwamba daktari anaona kwa macho na anasafisha kote kwa siku moja.

Ukilinganisha kwa ushahidi: mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kukusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 8 yenye watu 391 yaliyolinganisha kupasua na kutopasua. Vifo havikutofautiana. Oparesheni ya kamera ilionekana kupunguza siku za kulala hospitali. Lakini majaribio 6 kati ya hayo yalikuwa ya watoto, ya watu wazima mawili tu na madogo, na MIST3 ya 2023 iliyojaribu kamera mapema nayo ilikuwa na watu 60, hasa ya kuona kama jaribio kubwa linawezekana. Ndo maana wakubwa wenyewe hawakubaliani: mwongozo wa Uingereza unaanza na mpira, madaktari wa upasuaji wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 wanapendekeza kamera mapema usaha ukishakuwa na vijumba. Kwa hiyo ukikutana na madaktari wawili wenye maoni tofauti usidhani mmoja hajui kazi.

Kwa watoto niko na msimamo zaidi. Watoto wanapona vizuri sana, London watoto 60 walilinganishwa, nusu kamera na nusu mpira na dawa ya kuyeyusha, majibu yalitoka 2006, wote walikaa hospitali karibu siku sawa na kamera ilikuwa ghali zaidi. Mtoto aanze na mpira.

Alafu wale wanaotaka mgonjwa apasuliwe siku ya kwanza wajue hili lilishajaribiwa zamani. Vita ya kwanza ya dunia, kambi za jeshi la Marekani, mafua na nimonia, wanajeshi wenye usaha wanafunguliwa kifua mapema na karibu 30% wanakufa. Mwaka 1918 ikaundwa tume, daktari wa upasuaji Evarts Graham akiwemo, wakagundua kwamba ukifungua tundu kubwa wakati pafu bado halijashikana na ukuta hewa inaingia na pafu linasinyaa mtu anakosa pumzi. Wakabadilisha, wakaanza kutoa usaha kwa njia iliyofungwa na kumlisha mgonjwa, vifo vikashuka chini ya 5%. Chupa yenye maji unayoiona wodini inafuata somo hilo hilo.

Ratiba ya kuitumia

Siku ya mpira kuwekwa, antibiotiki zinaendelea, na ndani ya saa 24 ipigwe eksirei kuona mpira uko wapi na pafu limetanuka kiasi gani. Siku ya 3 kaa na daktari: homa imeshuka? anakula? chupa inasemaje? ultrasaundi inaonyesha kimebaki nini? Kama anaelekea kuzuri endelea, na mpira utatolewa ikiwa kinachotoka ni kidogo, homa imeisha na picha imekuwa bora. Kama haelekei, hapo ndipo unauliza kuhusu mpira wa pili kwa kuongozwa na ultrasaundi, kusafisha kwa chumvi, au zile dawa mbili. Siku ya 5 hadi 7 kama bado ana homa na usaha umebaki, aonwe na daktari wa upasuaji wa kifua. Usisubiri wiki ya tatu.

Kwa Tanzania madaktari hawa wako wachache na wako hospitali kubwa, Muhimbili, KCMC, Bugando, kwa hiyo ukiwa hospitali ya mkoa mazungumzo ya rufaa yaanze siku ya 3, maana barua, gari, kitanda cha kupokelewa na pesa vyote vinakula siku. Kuanza mazungumzo sio kukubali kupasuliwa. Usafirishaji wenyewe ukifika, mpira usitolewe ili kurahisisha safari, nesi aende na mgonjwa na chupa ikae chini. Na kama pesa hakuna nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa bado ndani, sio siku ya kutoka, ndio wanaoshughulikia misamaha, na kama kuna bima uliza mapema inalipia nini na inahitaji kibali gani.

Kuna wagonjwa wa kuwahisha zaidi: waliokuja baada ya wiki nyingi na pafu limeshafungwa, wanaovuja hewa bila kukoma, wanaokohoa usaha mwingi ghafla wakilalia upande mmoja. Na kuna wa kuwaogopea: mzee, mwenye figo zilizochoka, mwenye protini ndogo kwenye damu, aliyeupata ugonjwa akiwa amelazwa tayari. Hao hata mpira ukiwa mzuri hatari ni kubwa, na ndio ambao uamuzi wa kisu unahitaji kikao cha ndugu na daktari wote pamoja, sio simu ya haraka korido.

Kazi yako wewe unayemuuguza

Usaha unabeba protini nyingi kutoka mwilini, kwa hiyo mlishe: mayai, dagaa, maharage, maziwa, uji wenye karanga, kidogo kidogo mara nyingi, hata kama anakataa kataa. Mkalishe, mtembeze na chupa yake ikining'inia chini, damu isigande miguuni. Apulize baluni au avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho, dawa ya maumivu ikiwa imeshafanya kazi. Akohoe, amekumbatia mto ubavuni.

Akiruhusiwa antibiotiki zitaendelea nyumbani, jumla mara nyingi wiki 2 hadi 6, amalize hata akijisikia mzima wiki ya kwanza. Kidonda cha mpira kikae kikavu. Homa ikirudi, pumzi ikikata au ubavu ukianza upya kuuma rudi siku hiyo hiyo na picha zote za eksirei mkononi, za zamani na mpya, usiziache nyumbani maana daktari anayemwona kwa mara ya kwanza anahitaji kuzilinganisha. Kliniki ya marudio iwe baada ya wiki 4 hadi 6 na eksirei nyingine ipigwe. Kwenye picha hiyo ule weupe kidogo pembeni unaweza kuwa bado upo na mgonjwa mzima kabisa, unaisha taratibu kwa miezi, kwa hiyo ukiuona usikimbilie kudai oparesheni, muulize daktari kama anapumua vizuri na uzito umerudi.